Mwaka Nilipolipindua Jua

Kila kijana akisikia nilikuwa nafanya kazi gani, huniuliza swali lile lile: "Bibi, na macho yako ni mazima kweli?" Halafu ananipungia mkono mbele ya uso, taratibu, aone kama nitaufuata. Naona, mjukuu wangu. Naona hata kwamba leo hujachana nywele.

Nimefanya kazi ya kuchunguza jua miaka ishirini na mitatu, na katika miaka hiyo yote sikuliangalia hata mara moja. Nililigeuzia mgongo. Huo ndio ufundi wenyewe, na anayetaka kuliangalia jua uso kwa uso atafute kazi nyingine, kama bado ataona njia ya kwendea huko. Sisi darubini tuliielekeza juu, mwanga ukaingia kwa mbele na kutokea kwa nyuma, ukaangukia kwenye karatasi nyeupe iliyobanwa juu ya ubao. Hapo unaliona jua lote, limetulia, ukubwa wa kisahani cha chai, na juu yake madoa meusi. Kazi yangu ilikuwa kuyachora madoa hayo kwa penseli. Kila siku ya Mungu, saa sita na nusu ya mchana hivi, jua linapofika kilele chake.

Dunia inazunguka, kwa hiyo jua halikusubiri umalize. Mkono wa kushoto unazungusha mpini ili darubini ilifuate jua, mkono wa kulia unachora. Wasomi kutoka mjini walikuja wakashindwa. Lakini mwanamke anayesonga ugali kwa mkono mmoja huku anamfuta mtoto makamasi kwa mkono mwingine, huyo ningemfundisha kwa wiki moja.

Kituo chetu kilikuwa juu ya kilima cha mawe nje kidogo ya Ikungi, enzi hizo Ikungi haijawa wilaya wala haina ofisi hizo mnazopangia foleni leo. Kilikuwa kibanda tu, chenye paa la bati linalosukumwa kwenye reli. Ukilisukuma linalia hadi mbwa wa kijiji kizima wanaitikia. Tulichagua Singida kwa sababu mawingu ni machache. Nasema tulichagua kana kwamba nilikuwepo. Walichagua wakubwa, mimi nilikuwa darasa la pili.

Bosi wangu alikuwa Mzee Elia, Mnyiramba wa Kiomboi, mwembamba, mkavu wa maneno. Mimi Mnyaturu, kwa hiyo hapakukosekana utani. Siku naomba kazi nilikwenda na cheti changu cha kidato cha nne kwenye bahasha. Hakukifungua. Alichukua ungo, akautupia punje za mtama kama ishirini hivi, akaniambia niziangalie. Akahesabu mpaka kumi, akaufunika kwa gazeti.

"Chora," akasema.

"Nichore nini, Mzee?"

"Punje. Kila moja mahali pake."

Mimi nimepepeta mtama tangu nina miaka sita. Nikachora. Akafunua gazeti, akalinganisha moja moja kwa ncha ya kalamu, kisha akasema, "Hii moja umeiongeza." Nikamwambia sikuiongeza, ipo pale pembeni, imejificha kwenye mwanya wa ungo. Akainama, akaikuta. Nikaanza kazi Jumatatu.

Nisiwadanganye kwamba nilianza vizuri. Mwezi wa kwanza nilichora doa moja zuri, la duara, siku nane mfululizo. Madoa ya jua husogea, kwa sababu jua lenyewe linajizungusha; doa linaingia upande mmoja, baada ya wiki mbili hivi linatokea upande wa pili. La kwangu halikusogea. Nikamwonyesha Mzee Elia, nikitarajia sifa. Akashika kile kioo kidogo cha mwisho cha darubini, akakizungusha nusu duara, na doa langu likazunguka nacho. Kilikuwa kinyesi cha nzi. Basi shikeni hilo, litawafaa hata kwenye kazi nyingine: geuza chombo chako kwanza. Uchafu ukigeuka nacho, ni wako. Ukibaki palepale, hapo ndipo uanze kushangaa.

Na vumbi la Singida mnalijua. Usipanguse kioo kwa pindo la khanga, hata kama ni mpya. Puliza kwanza kwa pampu ya baiskeli, kisha pitisha unyoya laini wa kuku. Unyoya hatukuwahi kukosa, maana kuku wa jirani walikipenda kibanda chetu kuliko walivyompenda mwenye nao.

Siku nyingine nilisahau kufunika kidarubini cha kulengea, kile kidogo kinachokaa mgongoni mwa kikubwa. Mwanga ukapenya, ukatua kwenye bega la koti la Mzee Elia. Lilikuwa koti la mitumba, la sufu, alilolinunua mnadani wiki hiyo hiyo, naye alikuwa halivui hata kwenye joto. Alikuwa ananieleza jambo la maana. Akanyamaza, akanusa. "Hawa watu wa chini wanachoma kuku mchana huu?" akauliza. Mimi nikaona moshi unatoka kwake. Nilicheka kabla ya kumwambia, na hilo alilikumbuka muda mrefu kuliko lile tundu.

Kijijini walituona waganga. Mzee mmoja alipanda kilima kwa fimbo, amepoteza ng'ombe wanne, akaomba tumtafutie kwa chombo chetu. Mzee Elia hakumcheka. Alimsalimia vizuri, akamkalisha, akamwambia, "Chombo hiki kinaona mbali mno. Ng'ombe wako wako karibu." Jioni wakapatikana kwenye zizi la shemeji yake. Tukaletewa jogoo, na tangu siku hiyo heshima yetu haikushuka, ila mimi niliishusha mwenyewe, kama mtakavyosikia.

Sasa hapa nitulizieni masikio kidogo, maana habari yote imekaa hapa.

Kwetu jua halina upande mmoja. Miezi mingine saa ya kilele linapita kaskazini, kule Shinyanga. Miezi mingine linapita kusini, kule Iringa. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, linakupita utosini kabisa, na kivuli chako kinaingia chini ya nyayo. Vitabu vya kazi tulivyoletewa viliandikwa na watu wa nchi za baridi. Jua halijawahi kuwapita utosini hao tangu dunia iumbwe, kwa hiyo hawakuandika neno. Ilibidi Mzee Elia ajitafutie njia.

Mchoraji hukaa upande ule ule jua lilipo, mgongo kwa jua, uso kwa ubao. Jua likihama, darubini inalalia upande wa pili, na wewe unahamia upande wa pili. Ubao wetu ulikuwa na herufi K ukingoni, yaani kaskazini, na kwenye kila picha tuliandika K upande huo huo. Ukikaa upande wa kaskazini, K inakuwa kifuani kwako. Ukihamia kusini, lazima uugeuze ubao, K ikae ng'ambo, mbali nawe. Kaskazini haihami, unayehama ni wewe. Rahisi kabisa, eeh? Ndivyo nilivyodhani na mimi.

Na kiti cha kuchorea kilikuwa gogo la mninga. Gogo zima, zito, halibebeki na mtu mmoja wala halisogezwi kwa mguu. Mara mbili kwa mwaka Mzee Elia aliita vijana wawili wenye nguvu kutoka kijijini, tukasimamisha mchi uwanjani, tukausubiri umeze kivuli chake. Kivuli kikiisha, gogo linabebwa kwa kelele hadi upande wa pili, Mzee anaugeuza ubao, anaandika kwenye daftari la siku: *Gogo limehamia kusini*, au *kaskazini*. Kisha jogoo anachinjwa, ugali wa mtama unashuka, mlenda unavutwa, na kazi inafungwa hadi kesho. Mimi niliona ni mbwembwe za mzee. Nilikuwa nampenda jogoo, gogo sikulipenda. Lilikuwa linanichubua.

Zikaja zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Nyie mmezaliwa madukani kumejaa, hamwezi kujua ilivyokuwa kuingia dukani Singida mjini na kukuta sabuni za aina tano wakati mwaka juzi ulipanga mstari kwa mche mmoja. Tulichanganyikiwa kwa furaha. Watu walinunua redio kabla ya kununua betri. Mabasi ya watu binafsi yakaanza kugombea abiria barabara ya Dodoma, kila moja limepakwa rangi kama bi harusi.

Lakini mlango ule ule uliopitisha sabuni ulitoa watu makazini. Mashirika yakafungwa moja baada ya jingine. Baba watoto wangu akapunguzwa kiwandani. Mzee Elia akastaafishwa, akarudi kwao Kiomboi na koti lake lenye tundu. Nikabaki peke yangu kileleni, na mshahara wangu ndio ulikuwa unaangaliwa na nyumba nzima. Kisha ikaja barua kutoka makao makuu: vituo vya jua vilivyo nchini vitapunguzwa, mkaguzi atapita kuamua kipi kinabaki na kipi kinafungwa.

Nifanye nini? Nikaamua kituo changu kionekane cha kisasa. Shirika moja mjini lilikuwa limefungwa na linauza samani zake, nami nikapata kiti. Wajukuu zangu, kiti. Chekundu, cha kuzunguka, chenye magurudumu matano. Kilipandishwa kilimani kwenye kichwa cha mtu, nusu ya Ikungi wakisindikiza. Siku ya kwanza nilijizungusha mpaka nikaona madoa bila darubini. Gogo la Mzee Elia vijana wakaliviringisha nje, kuku wakalirithi.

Na kazi ikawa tamu. Kwa kiti kile niliizunguka darubini kama nzi anayezunguka sufuria. Mara huku, mara kule, nikisukuma kwa kidole cha mguu, upande gani sikuwa na habari. Ubao nilikuwa nauchomoa kila nikimaliza na kuupachika upya kesho yake, K kifuani kwangu, kama nilivyozoea tangu Machi.

Oktoba ikaingia. Upepo wa vumbi ukavuma siku tatu, sikuweza kufungua paa. Siku ya nne anga likasafika, nikafungua, nikajisukuma hadi darubini ilikolalia, nikapachika ubao, nikachora. Nikailinganisha picha na ile ya mwisho kabla ya upepo. Moyo ukaruka.

Kundi kubwa la madoa lililokuwa upande wa kaskazini wa jua lilikuwa kusini.

Nikakumbuka somo la nzi, nikazungusha kioo. Madoa hayakuzunguka. Nikapiga pampu. Nikapitisha unyoya. Yapo palepale, kusini. Kesho yake nikachora tena, na loo, si kwamba yamehama tu, yanarudi nyuma. Badala ya kwenda magharibi yanakwenda mashariki. Jua limepinduka na linazunguka kinyume, na katika dunia nzima aliyeliona ni mimi, Hadija wa Ikungi.

Nawaambia ukweli, sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi, maana siku ya harusi viatu vilinibana. Nilicheka peke yangu kibandani. Nilijizungusha kwenye kiti. Nilishuka kilima mbio, siku yenyewe ni ya mnada, nikamwambia muuza vitunguu, muuza vitunguu akamwambia kila mtu. Nilikwenda posta Singida mjini nikapiga telegramu makao makuu: JUA LIMEPINDUKA. NINA PICHA. HADIJA IKUNGI. Karani aliisoma mara mbili, akatoka nje, akaangalia juu, akarudi, akaipiga.

Mama yangu tu ndiye hakutikisika. Alikuwa anaanika nguo.

"Limepinduka?" akauliza. "Mbona nguo zinakauka vile vile?"

"Mama, haya ni mambo ya sayansi."

"Sawa mwanangu. Nipe hicho kibanio."

Baada ya siku chache jibu likaja: MKAGUZI ANAKUJA ALHAMISI. USIMWAMBIE MTU. Nilikuwa nimeshawaambia watu hadi wa Nduguti, kule mbali. Hapo nilifurahi zaidi, nikafua gauni langu, nikapiga rangi mawe ya njiani. Niliona kituo kimepona, baba watoto amepona, mimi nitasikika redioni.

Jumatano mchana nikaona mtu anapanda kilima polepole, koti la sufu kwenye jua kali. Nikamkimbilia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimesikia kwenye basi kwamba jua limepinduka. Nikasema nije, nilikuwa nalifahamu."

Nikampeleka ndani, nikamwonyesha picha kumi na moja, nikieleza mbio mbio, mikono inaruka. Alizitazama zote. Akakitazama kiti chekundu. Akakigusa kwa kidole, kikazunguka, akasubiri kisimame. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Gogo liko wapi?"

"Nje, Mzee. Kuku wanalilalia."

Lilitosha. Nililisikia jibu langu mwenyewe. Gogo halikuhamishwa. Mchi haukusimamishwa. Mimi nilihamia kusini kwa magurudumu matano bila kujua, na ubao nikaja nao vile vile, K kifuani. Kaskazini yangu yote ilikuwa kusini. Jua halikupinduka, niliyepinduka ni mimi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mzee yule, mwenye akili zote zile, alichagua kiti kisichobebeka. Alitaka kuhama kuwe na maumivu, ili mtu asihame bila kujua.

Nilimwangalia nikitegemea hasira, nikaona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akacheka mpaka akavua koti, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nami, pamoja na hofu yangu yote, nikacheka naye, maana mambo mengine huwezi kuyalia.

Tulipotulia nikamwuliza, "Mzee, mkaguzi anakuja kesho. Nifanyeje?"

"Mimi nimestaafu," akasema, akavaa koti, akawahi basi.

Nyumbani nikamweleza mama. Mama hakucheka. "Una watoto watatu na mume hana kazi," alisema. "Chukua kifutio, hizo K uzigeuze. Nani atajua?" Na kweli, nani angejua? Nakala za picha nilizokwisha kuzituma makao makuu ningesema nilizikosea wakati wa kunakili, usiku taa ilikuwa mbaya. Telegramu ningesema nilikuwa na homa. Niliwaza hivyo alfajiri yote nikipanda kilima, na kifutio nilikuwa nacho mfukoni, kipya, cha rangi mbili, matunda ya ruksa. Nikakiweka juu ya meza. Nikaichukua picha ya kwanza. Nikaiona penseli yangu, kila doa nililolifuata na mpini mkononi, yale madogo kabisa yanayotaka kupotea kwenye mwanya. Nikaona aibu kuyagusa. Sikuwa shujaa, msinisifu bure. Ni kwamba nilizipenda picha zile.

Mkaguzi alifika saa sita mchana. Bwana Mhina, mtu wa Tanga, mnene, mpole wa sauti, kaja na mkoba wa ngozi na uso wa mtu aliyefunga vituo vingi. Nikamsalimia, nikamkaribisha kiti chekundu, na kabla hajakaa vizuri nikasema yote kwa pumzi moja: jua liko salama, ubao ndio ulikuwa kinyume, kosa ni langu, sababu ni kiti hicho unachokalia.

Akanyanyuka kidogo, akakitazama, akakaa tena.

Alifungua mkoba, akatoa picha za siku zile zile zilizochorwa na vituo vya ng'ambo, alizoomba zitumwe haraka kwa faksi, akaziweka mezani. Akachukua yangu ya kwanza, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akaiweka kando ya yao. Zikawa sawa. Ya pili, sawa. Alifanya hivyo zote kumi na moja, mimi nimesimama najiuma kidole. Kwenye ya saba akatoa miwani, akahesabu. Mimi nilikuwa na doa moja zaidi. Akahesabu tena.

Saa ya kilele ilikuwa imekaribia. "Nionyeshe mnavyochora," akasema. Kisha akabadili mawazo. "Hapana. Hebu nichore mimi. Miaka yote nakagua picha, sijawahi kuchora hata moja."

Nikasukuma paa, mbwa wakaitikia. Akajisukuma kwa kiti hadi upande wa kusini, akafurahia magurudumu, nikaona, ingawa alijikaza. Akapokea ubao kutoka kwangu, akaupachika. Akashika mpini kwa mkono wa kushoto, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, akaanza kuchora. Jua likamkimbia, akalifuata, likamkimbia tena.

Na K ilikuwa kifuani kwake.

Nilikuwa nimemweleza dakika ishirini zilizopita, kwa mdomo wangu, na K ilikuwa kifuani kwake. Sasa fikirini mngekuwa ninyi. Mtu mkubwa, kalamu ya kufunga kituo iko mfukoni, anatoka jasho, anachekelea kazi yake. Ukinyamaza atashuka na furaha yake. Nilijaribu kunyamaza. Wallahi nilijaribu, nikahesabu mpaka kumi kama Mzee Elia na ungo wake.

"Bwana Mkaguzi," nikasema, "samahani sana. Umekosea. Kaskazini iko kule."

Mpini ukasimama. Jua likateleza taratibu likatoka kwenye karatasi, likaisha. Akautazama ubao. Akanitazama mimi. Akautazama ubao tena.

"Umeniambia punde tu," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Na nimefanya hivyo hivyo."

"Ndiyo, bwana. Kiti hicho kina tabu yake."

Akavua miwani akafuta uso. Kisha akasema maneno ambayo ninayakumbuka yote. "Bi Hadija, ninavyo vituo viwili ambavyo picha zake hazijawahi kukosea. Hata siku zilizonyesha kutwa, wao wamechora madoa yote, safi, sawasawa na taarifa za ng'ambo zinazofika wiki mbili baadaye. Niliposoma telegramu yako nilicheka hadi mke wangu akaja kuangalia. Halafu nikawaza, huyu angalau anachora jua. Kosa kama lako halinakiliwi kwa mtu." Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua gotini, akakata mistari miwili. Nikaangalia kwa kuibia. Ikungi haikukatwa.

Nilitaka kumshukuru kwa adabu, nikashindwa. Nilianza kucheka na machozi yakinitoka, yeye naye akaanza, tukawa watu wazima wawili tunacheka kwenye kibanda kisicho na paa. Gari lake lilipoondoka tu nilivua viatu, nikashuka mawe mbio, gauni nimelishika mkononi, napiga vigelegele peke yangu. Watu waliokuwa wanasafisha mashamba ya alizeti waliinua vichwa. Mama alikuwa uani anapepeta.

"Wamekufukuza," akasema.

"Hapana, mama."

"Basi unalilia nini?"

"Nimekosea, mama. Nimekosea kweli kweli, kila mtu ameona. Na kazi ipo."

Akaweka ungo chini, akanishika paji la uso aone kama lina joto. Alipoona mimi mzima, akaanza kucheka na yeye, polepole, mpaka pumba zikamrukia usoni. Akasema kama kukosea kunaweza kumfurahisha mtu kiasi hicho, basi nisibaki nako peke yangu, niwafundishe na wengine. Ndiyo leo nimewafundisha ninyi.